Mfereji wa Wafadhili Umefungwa: Sasa Tunakunywa Wapi?



Ukisimama Uganda Road asubuhi na mapema, utaona malori yakielekea Kitale, na mengine yakiendelea hadi Lodwar na Kakuma. Kwa miaka mingi mengine yamebeba chakula cha wakimbizi, na magunia mengi yameandikwa kwamba ni msaada wa watu wa Marekani. Ukikata kwenda Nandi Road, unafika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambako maelfu ya watu wa kanda hii wamepewa dawa za ARV bila kulipa hata shilingi. Pesa hizo pia zilitoka huko huko.

Wengi wetu tumekulia hapa tukiona mambo haya kama mvua. Yapo tu. Hatukuuliza nani analipa, analipa kiasi gani, na siku akichoka itakuwaje. Basi siku hiyo imefika, na leo tunataka kuzungumza nawe kuihusu. Tafadhali usipite ukisema "hiyo ni siasa ya Trump". Hili ni jambo la jirani yako.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Siku nne baadaye miradi iliyokuwa tayari inaendelea iliambiwa isimamishe kazi. Baada ya siku chache ilitolewa ruhusa maalum kwa huduma za kuokoa maisha, lakini ruhusa kwenye karatasi haiwashi gari wala hailipi mshahara. Tarehe 10 Machi, Waziri Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Tarehe 1 Julai 2025 shirika lenyewe, lililoanzishwa 1961, likafungwa na kazi zilizobaki zikahamia wizara ya mambo ya nje.

Na usidhani ni Marekani peke yake. Canada na Australia ziliyaingiza mashirika yao ya misaada ndani ya wizara za mambo ya nje mwaka 2013. Uingereza ikafanya hivyo hivyo Septemba 2020, kisha ikapunguza msaada wake kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5. Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer akasema utashuka hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027, na tofauti itaenda kwa jeshi. Ona muelekeo, ndugu yangu. Hata Trump akiondoka, mambo hayatarudi kama zamani. Anayengoja yarudi anangoja meli Eldoret.

Huko Kakuma matokeo yalionekana kwenye sufuria. Kufikia Juni 2025 Shirika la Chakula Duniani lilikuwa limeshusha chakula cha wakimbizi wa Kenya hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Yaani panapostahili sahani nne, unapewa moja na kijiko. Wengi wa wanaokula sahani hiyo ni ndugu zetu kutoka Somalia, Sudan na Sudan Kusini, na wengine wana jamaa hapa hapa mjini.

Sasa turudi Nandi Road, kwa sababu hapo ndipo Eldoret ina hadithi yake.

Chuo Kikuu cha Moi kilipofungua shule ya udaktari mwaka 1990, kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Miaka kumi hivi baadaye wodi zilijaa wagonjwa wa Ukimwi na hakukuwa na dawa. Watu walikuja hospitalini kufa. Mwaka 2001 madaktari wa pande zote mbili, akiwemo Dkt. Joe Mamlin wa Indiana, wakaanzisha mpango wa AMPATH. Walianza na wagonjwa wachache mjini na kituo cha afya cha Mosoriot. Baadaye zikaja pesa za PEPFAR, mpango aliouanzisha Rais George Bush mwaka 2003, na AMPATH ikasambaa magharibi mwa Kenya. Kulikuwa na dawa, lakini pia kulikuwa na mashamba ya kulisha wagonjwa, kwa sababu waligundua mapema kwamba dawa kali kwenye tumbo tupu haikai.

Kwa nini tunakusimulia haya? Kwa sababu kuna maneno mtaani kwamba misaada yote ilikuwa ulaji wa mabwana wenye magari makubwa meupe, warsha za hotelini na posho. Tusidanganyane, ulaji ulikuwepo. Kuna miradi iliyotumia pesa nyingi kwenye ripoti kuliko kwa mgonjwa. Lakini kuna watoto waliozaliwa bila virusi na mama zao wako hai, na leo watoto hao ni vijana wa miaka 18, pengine wanasoma ukurasa huu. Ukisema yote yalikuwa upuzi, unamwambia huyo kijana kwamba uhai wake ni upuzi. Muumini ni mwadilifu hata anapomhukumu asiyempenda.

Je, mashirika yalijibu vipi mfereji ulipofungwa? Tumeona majibu ya aina tatu.

La kwanza ni kukata. Wafanyakazi wa miradi iliyolipwa na USAID, hapa na kote nchini, walirudishwa nyumbani, wengine kwa siku moja tu ya taarifa. Wa kwanza kuachishwa hawakuwa wakubwa. Walikuwa washauri wanaokaa na msichana aliyepata majibu mabaya, mama mshauri anayemfuata mwenzake hadi nyumbani, kijana wa kuandika data, dereva wa kusafirisha sampuli za damu. Dawa ikiwa ghalani Nairobi na hakuna wa kuisafirisha, kwa mgonjwa wa Langas ni sawa na kwamba haipo.

La pili ni kunyamaza. Mashirika mengi yaliogopa kusema hadharani, maana huenda mfadhili angebadili nia. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini fikiria: shirika lililojiita sauti ya wanyonge linashindwa kuwaambia wanyonge hao kwamba kliniki yao itafungwa Jumatatu, kwa sababu aliye Washington anaweza kukasirika. Hapo ndipo unapojua lilikuwa linamjibu nani.

La tatu ni kujipanga upya. Kuna waliounganisha ofisi, waliokodisha majengo yao, walioanza kutafuta michango ya hapa nchini, na waliokabidhi huduma kwa hospitali za serikali. Kliniki za Ukimwi zilizokuwa zimejitenga nazo zimeanza kuingizwa kwenye foleni ya wagonjwa wa kawaida. Kwa hesabu ni jambo zuri, maana mganga mmoja anatosha na jengo moja linatosha. Lakini muulize mgonjwa. Ukiwa mji mdogo kama wetu, ambapo karani wa faili ni binamu ya shemeji yako, siri inalindwa vipi? Mtu akiona haya, anaacha dawa. Akiacha dawa, virusi vinapanda tena na anaweza kuambukiza. Basi kuunganisha bila kulinda siri ni kubomoa kwa mkono wa kushoto unachojenga kwa wa kulia.

Kisha ikaja sura mpya. Tarehe 4 Desemba 2025, Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kutia saini makubaliano ya afya ya aina mpya na Marekani. Musalia Mudavadi na Marco Rubio walitia saini Washington, Rais Ruto akiwa hapo. Marekani inaahidi hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano. Kenya nayo inaahidi kuongeza dola milioni 850 zake yenyewe, ambazo ni zaidi ya shilingi bilioni 100. Jambo kubwa ni njia ya pesa: hazipiti tena kwa mashirika, zinaenda kwa serikali na mifumo yake.

Wengine wamefurahi, na wana hoja. Kwa nini afya ya Mkenya iendeshwe na ofisi ya mgeni ambayo hakuna Mkenya aliyeipigia kura? Mwaka 2001, mwaka ule ule AMPATH ilipozaliwa, marais wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Robo karne imepita na Kenya haijafika hapo. Wafadhili walikuwa mto laini ambao serikali ililalia usingizi.

Lakini na wewe uliza maswali. Pesa zikipitia Afya House Nairobi, zitafika Ziwa na Turbo, au zitakwama njiani kama zinavyokwama za kaunti kila mwaka? Na siri zetu je? Wiki moja tu baada ya saini, Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wa sehemu ya kupeleka data za afya Marekani, baada ya walalamishi kusema wananchi hawakushirikishwa. Ona, kilichowapa Wakenya nafasi ya kupumua na kusoma kilichoandikwa hakikuwa hisani ya mtu. Ilikuwa ni watu waliosoma Katiba wakaenda kortini.

Hapa sisi Waislamu wa Kenya tuna somo letu, na tumelipata kwa machungu. Baada ya shambulio la ubalozi wa Marekani Nairobi, Agosti 1998, serikali ilifuta usajili wa mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu. Yatima, visima na madrasa zilizotegemea pesa za Ghuba zikabaki bila mlezi. Na Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, akaunti za MUHURI na Haki Africa zilifungwa kwa tuhuma za ugaidi. Ilikuwa hadi Novemba mwaka huo ambapo Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru akaunti zifunguliwe. Katika miezi hiyo, watu waliopotelewa na jamaa zao walikuwa na pa kulilia lakini mawakili hawakuwa na nauli.

Kwa hiyo tunajua. Ukinywa kwa mfereji mmoja, mwenye koki ndiye bwana wako, awe Washington, Riyadh au Nairobi. Kuhama kutoka koki moja kwenda nyingine si uhuru.

"Basi tutoe zaka," wengine mtasema. "Waislamu tuna mfumo wetu." Naam, na tutoe. Asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu na kupitiwa na mwaka ni haki ya maskini, si ukarimu wako. Lakini zaka ina wenyewe: makundi manane yametajwa kwenye Surat At-Tawba, na haikuwekwa ili serikali ipumzike. Sadaka na wakfu ziko pana zaidi. Zinaweza kumhudumia jirani yeyote bila kumuuliza anasali wapi, na katika mji wetu wenye makabila na dini zote, hivyo ndivyo inavyopasa.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana hesabu haina ushabiki. Mwaka 2023 bei ya mwaka mzima ya dawa ya kawaida ya ARV kwa mtu mmoja ilishuka chini ya dola 45. Kwa shilingi zetu ni kama 5,800. Ukizidisha kwa watu milioni 1.3, ambayo ndiyo takriban idadi ya Wakenya wanaotumia dawa hizo, unapata kama shilingi bilioni 7.5. Harambee ya msikiti haiwezi kulipa hiyo, hata tukiuza mikeka yote. Lakini bajeti ya Kenya ya 2025/26 ilipita shilingi trilioni 4.2. Bilioni 7.5 humo haifiki hata senti 20 katika kila shilingi 100. Ni kweli dawa peke yake haitoshi: kuna maabara, kuna usafiri, kuna mishahara. Hata hivyo nchi isiseme haiwezi. Iseme haijaamua.

Na hili ndilo tunalotaka ulibebe ukimaliza kusoma: sadaka haichukui nafasi ya haki. Kidonge cha mgonjwa ni haki yake chini ya Kifungu cha 43 cha Katiba, na kinapaswa kulipwa na kodi, ile unayokatwa kwenye mshahara na kwenye mafuta ya boda. Kazi ya sadaka ni pale haki isipofika: nauli ya kutoka Huruma hadi kliniki, uji wa mtoto, kodi ya nyumba ya mama aliyefutwa kazi kwenye mradi. Tukichanganya mambo haya mawili, tutachoka kuchanga na serikali itatushukuru kwa kuifanyia kazi.

Ufanye nini basi? Hatutakuambia uende kupigana na Marekani. Anza na haya manne.

Moja, fuata pesa za kaunti. Afya iligatuliwa mwaka 2013, kwa hiyo vituo vingi unavyovijua viko chini ya Kaunti ya Uasin Gishu. Serikali ya kaunti hupeleka waraka wa mwelekeo wa bajeti kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya kupitishwa, wananchi lazima waulizwe maoni. Vikao hivyo hutangazwa, na mara nyingi viti vinajazwa na wazee wachache na wapambe wa MCA. Wewe uko wapi? Nenda na swali moja lililoandikwa: mwaka huu kaunti imetenga shilingi ngapi kwa wafanyakazi wa kliniki waliokuwa wakilipwa na wafadhili? Usikubali jibu la "tunalishughulikia". Taka nambari.

Mbili, kama una shirika la vijana au kikundi cha kina mama, weka hesabu mezani. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitiwa saini Januari 2013 na ikaanza kutumika Mei 2024. Isome, jisajili, chapisha mapato na matumizi yako ukutani pa ofisi na kwenye simu za wanachama. Sisi wa Eldoret hatuhitaji kufundishwa kwa nini. Mwaka 2023 tuliona wazazi wakiandamana kwa sababu ya karo za masomo ya Finland walizoweka kwenye akaunti ya kaunti, watoto wakiwa bado hawajasafiri. Kuna waliouza shamba na ng'ombe. Baada ya jeraha kama hilo, hakuna mtu atakayekupa mia moja kwa sababu tu una ndevu au una bango.

Tatu, wasaidie walioachishwa kazi wasipotee. Yule mshauri aliyefundishwa kwa miaka kumi na pesa za watu, leo anauza mitumba. Ujuzi wake bado upo. Wahudumu wa afya ya jamii walioandikishwa na serikali tangu 2023 waliahidiwa posho ya 5,000 kwa mwezi na wana mitaa mizima ya kuzunguka. Waunganishe. Msikiti unaweza kutoa chumba tulivu baada ya Alasiri, chenye mlango unaofungwa na mtu anayejua kutunza siri. Hiyo haihitaji dola.

Nne, na hili ni la moyoni: acha kumcheka mgonjwa. Kuna watu wanatembea hadi mji mwingine kuchukua dawa kwa sababu ya midomo yetu. Mfadhili alikuwa akilipa nauli ya kukimbia aibu tuliyoitengeneza sisi. Sasa nauli imeisha na aibu imebaki. Kuiondoa ni bure.

Kwa mashirika, yakiwemo ya Kiislamu, tuna neno moja. Kwa miaka mingi mliandika ripoti kwa Kiingereza kwa mtu wa mbali. Andikeni sasa moja kwa Kiswahili kwa mtu wa Langas: tulikuwa na kiasi hiki, kimebaki hiki, huduma hii tutaendelea nayo, hii hatuwezi. Mkifanya hivyo, siku mtakapopitisha bakuli hamtakuwa wageni.

Mji wetu watu wa zamani waliuita Sixty-Four, "Sisibo", kwa nambari ya shamba lililokuwa hapa. Tangu Agosti 2024 ni jiji kwa hati. Jiji haliwi jiji kwa kubandika jina. Linakuwa jiji pale mgonjwa wake wa mwisho anapojua kwamba dawa ya mwezi ujao ipo, na anajua nani wa kumuuliza ikikosekana.

Basi weka tarehe kwenye simu yako, chukua wenzako wawili, na kikao cha bajeti kikitangazwa mwende. Mkirudi, tuandikieni mliambiwa nini. Tutachapisha.

Wabillahi tawfiq.